Sukari Iliyobaki Baada ya Kabula

Nesi wa kliniki ya sukari aliniomba niandike habari zangu ili kina mama wengine wazisome wakiwa kwenye benchi wanasubiri kuitwa. Akasema niandike kwa upole. Nilimwahidi nitajaribu, lakini nimeshachana kurasa tatu, na zote zilikuwa za uongo kwa sababu huo upole sina. Nilipata nafuu nikiwa na kinyongo, na kinyongo chenyewe bado ninacho. Basi nitaeleza hivyo hivyo. Wewe uliyejifungua juzi chukua kitakachokufaa, kinyongo niachie mwenyewe.

Jina langu ni Minza. Nimezaliwa Kagongwa, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, na kazi yangu ni kushona sare za shule. Niliolewa Segese na Shija, mchimbaji anayeshinda kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, huko Geita na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, akikumbuka. Mimi niliishi kwenye mji wa mama yake. Humo tulikuwa wanawake watatu: mimi, mama mkwe wangu, na wifi yangu Nkwimba, binti yake wa pekee. Nkwimba ameolewa Nyahanga, lakini mume wake naye ni mchimbaji, kwa hiyo siku nyingi alikuwa kwa mama yake. Wakati nachukua mimba yangu ya kwanza tulikuwa tunapendana. Alinisuka nywele, nikamshonea gauni.

Mimba ilipofika mwezi wa nane nilikwenda kliniki Kahama. Wakanichoma kidole, wakaninywesha maji ya glukosi, wakanichoma tena, kisha wakaniambia nina sukari ya mimba. Nikaacha soda, nikapunguza wali na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Haikuwa shida kubwa kwa sababu nilijua ni ya muda. Mwezi wa kumi wa mwaka huo, siku mvua ya kwanza ilipopiga mabati, nikajifungua mtoto wa kike wa kilo nne na nusu. Kwa sababu ya mvua hiyo akaitwa Kabula, na mimi nikawa Mama Kabula. Nilishonwa nyuzi nyingi kuliko ninazotumia kwenye kola ya shati, na kila aliyekuja wodini alisifia unene wa mtoto.

Siku ya kuruhusiwa nesi mmoja mrefu alikaa pembeni ya kitanda changu akaniandikia tarehe kwenye kadi.

"Sukari ya mimba kwa wengi inaondoka mtoto akishatoka," alisema. "Kwa wengine mwili unabaki mgumu na sukari inarudi taratibu. Wiki ya sita urudi tukupime. Usipopima hutajua."

Nilisikia vizuri. Hili naliweka wazi tangu mwanzo, maana ninayo hasira na watu wengi lakini na huyo nesi sina.

Kwenye mji wa mama mkwe wangu, mzazi anawekwa ndani. Hatoki, hapiki, haoshi hata kijiko. Analishwa mpaka siku aliyopangiwa kutolewa nje, na siku hiyo majirani wanakuja. Wanamtazama mtoto kidogo, halafu wanamtazama mama yake kwa muda mrefu: shingo, mikono, mashavu. Mzazi akitoka amenawiri, sifa zote ni za mama mkwe. Akitoka amekonda, maneno yanaanza kwamba mama huyu amepokea binti wa watu akamnyima chakula. Mama mkwe wangu alikuwa mjane mwenye heshima yake pale Segese, na heshima hiyo aliilinda kwa uji.

Uji wenyewe ulikuwa wa ulezi, mzito, una samli na sukari nyingi, na Nkwimba alikuwa akiniletea uji huo umejaa chupa ya chai asubuhi, mchana na jioni. Katikati kulikuwa na michembe iliyopikwa na maziwa. Shija akituma kitu kutoka Geita, kilikuwa soda. Niliwaambia mapema habari za sukari. Mama mkwe wangu akacheka, wala si kwa ubaya. Akasema sukari ile ilikuwa ya mtoto, ndiyo maana mtoto alikuwa na kilo zile, na sasa mtoto alikuwa mikononi na kondo lilikuwa limeshazikwa, kwa hiyo sukari ingebaki ndani yangu inafanya nini? Nilitamani sana iwe kweli. Sitamsingizia mtu kwenye jambo hili, uji ulikuwa mtamu na mimi niliunywa.

Wiki ya sita ilifika katikati ya msimu wa kupanda. Nikasema nataka kwenda Kahama. Mama mkwe wangu akasema mzazi hawezi kupita barabarani kabla hajatolewa nje, watu wangemwonaje yeye. Nkwimba akaichukua kadi yangu akisema anaihifadhi isilowe, kwa sababu paa la chumba changu lilikuwa linavuja. Niliiulizia mara mbili. Mara ya tatu sikuiulizia tena, na ukiniuliza leo kosa langu lilikuwa lipi nitakuambia ni hilo hapo.

Nilitolewa nje wiki ya nane. Nilikuwa nimenenepa mpaka pete haivuki kidole. Wanawake walipiga vigelegele, mama mkwe wangu akazunguka uwanjani na kanga mpya begani akipokea pongezi kama bibi harusi. Kwa mwezi mmoja nadhani sote tulikuwa na furaha.

Kisha kiu ikaja. Mwanzoni nilisema ni kunyonyesha. Nikawa namaliza mtungi mdogo peke yangu, na njia ya chooni nikaijua jiwe kwa jiwe. Nilikuwa nikiwashwa mahali ambapo huwezi kujikuna mbele ya watu. Halafu uzi ukagoma kuingia kwenye tundu la sindano. Mimi naweza kutunga uzi huku nikipiga soga, sasa nilikuwa nalamba ncha ya uzi mara kumi na tundu silioni, naona mawili. Gauni nililotolewa nalo nje likaanza kuning'inia mabegani. Nilikuwa nakula kuliko wote pale nyumbani, na nikawa nakonda kila juma.

Wao walifanya nini waliponiona nakonda? Wakaongeza uji.

Nikiwa kliniki siku hizi nawaeleza kina mama jambo hili mara mbilimbili, kwa sababu ndipo ninapotaka washtuke. Mwili wangu ulikuwa umejaa sukari hauwezi kuitumia, unaitoa kwenye mkojo, na dawa waliyoijua watu walionizunguka ilikuwa ni kunipa nyingine. Siku niliyokataa kikombe mama mkwe wangu alilia machozi kabisa. Alidhani namwadhibu.

Majirani nao wana macho. Wale wale waliokuja kusifia mashavu yangu walianza kupita uani bila sababu na kuuliza kama nakula. Hapo ndipo Nkwimba alipofungua mdomo. Sikumsikia mwenyewe, niliambiwa na muuza nyanya. Alisema mimi nilikuwa na ugonjwa, ule ambao watu wa machimboni hawautaji jina, na kwamba niliutoa Kahama nilikokuwa nashona kabla ya kuolewa. Alisema ndugu yake ameletewa kifo nyumbani.

Neno hilo halikuchukua hata siku tatu kunirudia. Asubuhi moja mwezi wa pili, Kabula ana miezi minne, nilikuwa nimekaa mlangoni namnyonyesha. Mama mkwe wangu akaja akasimama mbele yangu.

"Mtoe ziwani, mayu," alisema. "Huyu mtoto hana kosa."

Mayu ni mama. Ndivyo tunavyoitana kwa heshima, hata kwenye siku kama ile. Akaingiza mikono chini ya makwapa ya mtoto akamtoa kifuani kwangu akiwa bado ananyonya, na maziwa yakamwagika kwenye kanga yangu. Nikasimama nimfuate, kizunguzungu kikanirudisha chini. Kabula alianza kulia akiwa kwenye nyumba kubwa, na kutoka siku hiyo akapewa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe.

Nilimpigia Shija. Alisikiliza, kulikuwa na kelele za karasha nyuma yake, mashine ile ya kusaga mawe. Akaniambia nitulie kwanza, mama anajua anachofanya. Siku mbili baadaye mama mkwe wangu alinifungashia nguo akasema niende nikatibiwe kwetu. Mtoto angebaki. Ng'ombe wa mahari walishakwenda Kagongwa, kwa hiyo mtoto alikuwa wa mji ule. Nkwimba alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa, maana naye alikuwa na mimba ya miezi saba. Hakuniangalia.

Niliondoka Segese kwenye mchomoko, zile gari ndogo zinazojaza watu saba, na maziwa yalinitoka njia nzima. Kijana aliyebanwa pembeni yangu alilowa bega la shati. Nilikuwa na kiu kiasi kwamba niliyatazama maji ya madimbwi barabarani nikayatamani.

Mama yangu aliponiona alinishika mkono akasimamisha bodaboda, na moja kwa moja tukaenda hospitali Kahama. Pale mapokezi tulikaa kwenye benchi la chuma kuanzia saa tatu. Nilikwenda chooni mara nne na kila niliporudi mama alikuwa ameweka kanga yake mahali pangu watu wasikae. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alinigeukia, akanitazama midomo iliyokauka, akanipa chupa yake ya maji na namba yake ya kuingia kwa daktari. Alisema yeye amekuja kuchukua vidonge tu, angesubiri. Simjui jina. Kama unasoma hapa, mama, wewe ni mmoja wa watu wachache ambao sina neno nao.

Walinipima vipimo viwili. Cha kwanza, ule ugonjwa alioutangaza Nkwimba: sina. Cha pili, sukari: kimashine kilishindwa kuisoma, kikaandika herufi badala ya namba, ikabidi wapeleke damu maabara. Nikalazwa siku sita na dripu.

Kuhusu kinachotokea mwilini nitasema alichoniambia nesi wa wodi tu, kwa kuwa ndicho nilichokielewa. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie mwilini. "Mwilini mwako ipo," aliniambia, "lakini inagonga, mwili haufungui. Ulianza kiburi hicho wakati wa mimba, na baada ya kujifungua haukuacha." Nikamuuliza kama ningekuja wiki ya sita ingekuwaje. Akasema tungeikuta ikiwa bado ndogo. Nililala upande nimeelekea ukuta. Nilihesabu chupa za uji kwa watu: huyu alipika, huyu alileta, huyu alificha kadi, yule alisema tulia. Kisha nikajihesabu na mimi. Kutoka hapo nikawa na kazi moja tu, kumrudisha Kabula kifuani kwangu, na nikaapa kwamba atakayerudisha mtoto huyo kwangu ni yuleyule aliyesababisha achukuliwe.

Nilimuuliza nesi kama maziwa yangu yana sumu. Akasema hayana, na kwamba kunyonyesha kungenisaidia hata mimi. Kuanzia hapo nikawa nakamua. Asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala, kwenye kikombe cha plastiki, halafu namwaga kwenye sinki la wodini. Kina mama wa vitanda vya jirani walidhani mtoto amekufa. Sikuwaeleza. Nilikuwa nakamua ili ziwa lisikauke, na kila tone nilikuwa nalitajia jina la mtu.

Nilirudi Kagongwa na sindano za insulini. Baada ya wiki kadhaa wakanibadilishia vidonge, vyeupe, vikubwa, ambavyo mwezi wa kwanza viliniharisha mpaka nikaogopa kuondoka karibu na choo. Vimeze na chakula, usivimeze tumbo likiwa tupu, na usiviache kwa sababu ya kuharisha bila kuongea na daktari, kunapungua. Mama yangu aliondoa sukari kwenye kabati lake. Akanipimia ugali kwa ngumi yangu mwenyewe, na sahani iliyobaki akaijaza nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, pamoja na dagaa. Kila alfajiri tulitembea kutoka kwetu kupita kwenye mashine za mpunga mpaka njia ya kwenda Isaka na kurudi. Mama anatembea kimya, na kimya chake kilinisaidia.

Kuna watu hupata nguvu kwenye maombi, na mimi huwa nasali, sikatai. Lakini kilichonitoa kitandani asubuhi zile ni hasira. Nilikuwa nameza kidonge namwona Nkwimba amebeba ile chupa. Nilikuwa natembea na kila mguu nikiuweka chini nasema mtaniona. Wiki ya nne uzi ukaingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu, nikaketi mbele ya cherehani nikalia. Baada ya hapo nikashona sare kumi na mbili mfululizo.

Maziwa yalipungua. Nililazimika kulibembeleza ziwa kana kwamba ni ng'ombe mkaidi. Kuna siku nilipata vijiko viwili, kuna siku kimoja. Mwezi wa nne nilipata matone tu, na mama akaniambia kwa sauti ndogo kwamba pengine niache. Sikuacha.

Mpunga ulipoanza kuingia mashineni, mwezi wa tano, sukari yangu ya asubuhi ilikuwa saba, wakati mwingine sita. Mashavu hayakurudi, ila shingo ilirudi. Nesi wa kliniki alinipa kimashine cha kupimia kilichoachwa na mgonjwa mwingine, akaniambia sasa ninaweza kusimama mbele ya watu. Tukatuma ujumbe Segese kwamba tunakuja kwa kikao.

Tulikwenda watatu: mimi, mama yangu, na baba mdogo Masanja, ambaye ndiye aliyepokea ng'ombe wakati wa mahari kwa kuwa baba yangu alishafariki. Shija alikuwa amekuja kutoka Geita. Alikaa kwenye kigoda anachezea funguo za pikipiki. Kabula alikuwa mgongoni kwa mama mkwe wangu, ana miezi saba, ana meno mawili, na aliponiona alificha uso. Sikumwambia mtu jinsi hilo lilivyonikata.

Baba mdogo akasoma karatasi zote mbili kwa sauti. Ya kwanza, kwamba sina ule ugonjwa. Ya pili, kwamba nina sukari na natumia dawa. Mama mkwe wangu alisikiliza vizuri kabisa, halafu akasema karatasi inaandikwa na mtu yeyote mwenye kalamu. Yeye alichokiona kwa macho yake ni mwanamke aliyelishwa akakonda. Chakula kile kile, samli ile ile, wengine wote wananenepa. Kama si ugonjwa ule ni nini? Na kama si ugonjwa ule, basi majirani waseme kwamba yeye alininyima chakula? Hapo nikamwelewa, lakini sikumsamehe. Shija alipoulizwa alisema yeye anamfuata mama. Baba mdogo akaomba tupumzike kidogo.

Nkwimba hakuwepo kikaoni. Alikuwa ndani. Alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, mtoto wa kwanza, kwa hiyo alirudi kwa mama yake kulelewa, na sasa yeye ndiye alikuwa mzazi wa kulishwa. Huwezi kufika kwenye mji wenye mzazi ukaondoka bila kuingia kumsalimia. Nikaingia.

Chumba kilikuwa kile kile chenye paa linalovuja. Mtoto wa kiume, mkubwa, wa kilo nne na kitu. Pembeni ya kitanda kulikuwa na chupa ya uji, na pembeni ya chupa jagi la maji. Tukasalimiana. Wakati nikiwa nimesimama alikunywa maji vikombe vitatu. Cha tatu alikishika kwa mikono yote miwili. Nikatazama midomo yake, nikajua.

"Kliniki walikuambiaje?" nilimuuliza.

Alianza kusema hawakumwambia kitu. Kisha akavuta godoro, akatoa kadi mbili. Moja ilikuwa yake, imeandikwa sukari kwa wino mwekundu, tangu mwezi wa saba wa mimba. Nyingine ilikuwa yangu.

"Sikumwambia mama," alisema. "Ningemwambiaje? Ningesema sukari wangesikia ule ugonjwa. Neno hilo hapa nyumbani nililiharibu mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini alinitangaza. Akaniambia ukweli, na ukweli huo ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiria. Majirani walishaanza kusema mama yake mchoyo, mkwe wake anakonda. Alitaka kuwapa sababu nyingine ya wao kuzungumza. Akanionyesha mguu wenye kidonda kidogo kilichokataa kupona. Akaniomba nimpime, alikuwa amesikia nina kimashine. Alikuwa anaogopa sana.

Ninajua mtu mwema angefanya nini. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikakumbatia pochi yangu.

"Mtoto wangu kwanza," nilimwambia. "Utatoka nje sasa hivi, usimame mbele yao, useme maneno yale uliyatunga wewe. Kabula akiwa mikononi mwangu ndiyo nitakupima. Kabla ya hapo sikupimi."

"Sijatolewa nje," alisema.

"Najua."

Mzazi kutoka kabla ya siku yake ni aibu ambayo mama yake angeibeba miaka. Nilijua hilo, na ndicho nilichokitaka. Alikunywa maji tena. Kisha akajifunga kanga, akashika ukuta, akatoka. Nilimfuata nyuma nimembeba mtoto wake.

Walipomwona uwanjani mama mkwe wangu alisimama kigoda kikaanguka. Nkwimba hakukaa.

"Mama, mpe Minza mtoto wake," alisema. "Ule ugonjwa nilimzushia. Ana sukari, na mimi ninayo. Kadi yake niliificha mimi."

Mama yangu akanipokea mtoto wa Nkwimba. Baba mdogo Masanja alitazama chini, Shija akaacha kuchezea funguo. Mama mkwe wangu alifungua ile mbeleko polepole sana, kana kwamba mafundo yalikuwa mengi, na aliponikabidhi Kabula alisema neno moja tu, ng'wanone, mwanangu, na sikujua anamwambia nani kati yetu. Sikuitikia. Shija akaanza kusema kitu kuhusu kusameheana na mimi nikamwambia kwamba natoka leo na mtoto, ng'ombe watajadiliwa na wenye ng'ombe, na yeye akitaka kumwona binti yake anajua Kagongwa iko wapi. Huwa anakuja. Namwekea kiti kama mgeni mwingine.

Tukarudi ndani, wanawake wote wanne na watoto wawili. Nikatoa kimashine. Kidole ukikichoma pembeni hakiumi sana, ukikichoma katikati ya ncha kinauma siku mbili. Nilifundishwa hivyo na nawafundisha wengine hivyo. Nkwimba nilimchoma katikati. Tone likaingia, kimashine kikahesabu, nikasoma namba. Kesho yake nilimpeleka Kahama mimi mwenyewe kwa sababu namba ile haikuwa ya kungoja wiki, na mpaka leo tunakwenda kliniki siku moja, kila mtu na benchi lake.

Lakini siku ile, pale kitandani, nilikilaza kimashine kifudifudi kwenye goti langu nikafungua gauni. Kabula alikataa. Aligeuza kichwa, akalia, akanipiga kifuani kwa ngumi yake. Mama yangu alikuwa anaomba kimyakimya, nilisikia midomo yake. Nikakamua tone nikampaka mdomoni. Akalilamba. Akalia tena kidogo, akatafuta, akashika. Nilisikia kwenye ziwa ule mvuto wa zamani, na sasa ukiwa na meno mawili.

"Ni ngapi?" Nkwimba aliuliza. Alikuwa ameshika pamba kidoleni, uso umekauka.

"Ngoja mtoto ashibe," nilisema.

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni, ameshika chupa ya uji hajui aiweke wapi. Kioo cha kimashine kilijizima. Namba nilikuwa nayo mimi peke yangu. Maziwa yalikuwa kidogo na Kabula alilazimika kuyavuta kwa nguvu, anapumzika, anaanza tena. Alipomaliza la kushoto nikamhamishia la kulia, na sikumharakisha.